X-COM ya 1994: uzoefu wangu na gemu isiyombembeleza mtu

Kuruta wa kwanza kushuka kwenye ndege namchagua kwa roho ngumu. Natafuta mwenye shabaha mbovu kuliko wote, ambaye hajapata cheo, nampa bunduki ya kawaida na kumtanguliza nje, maana mara nyingi kuna kiumbe wa sayari nyingine gizani amekaa akiutazama mlango huo huo. Akipigwa, angalau waliobaki ndani wanajua risasi imetoka upande gani. Hakuna mahali popote gemu inakuelekeza kufanya unyama huo. Unaufikia mwenyewe, kwa hesabu: kuruta mpya anaajiriwa kwa dola 40,000, na sajini mwenye uzoefu hauzwi popote.

Gemu yenyewe ni UFO: Enemy Unknown ya mwaka 1994. Marekani iliuzwa kwa jina la X-COM: UFO Defense, na jina hilo ndilo lililoshika. Wengi tunaiita X-COM ya zamani tu, tusije tukaichanganya na ile iliyotengenezwa upya na Firaxis mwaka 2012. Mimi niliingilia mlango wa nyuma. Nilianza na ya 2012, nikaipenda, kisha nikataka kujua mama yake alikuwaje. Nilitarajia kuipitia kwa heshima kidogo, kama mtu anavyopitia picha za harusi za wazazi wake, halafu niifunge. Mpaka leo imo kwenye laptopu yangu, na ile ya 2012 nilishaifuta nipate nafasi.

Kisa chake hakina mambo mengi. Ni tarehe 1 Januari 1999, visahani vimeanza kuonekana angani, na nchi 16 zimechangishana pesa kuunda kikosi cha siri. Wewe ndiye kiongozi wake. Unaiona dunia nzima ikizunguka mbele yako, unachagua pa kuchimba kambi yako ya chini ya ardhi, unaweka rada, unaajiri wanasayansi na wahandisi, kisha unausukuma muda na kungoja. Kisahani kikionekana unakirushia ndege za kivita. Kikianguka unapeleka askari kwenda kumalizana na walionusurika. Afrika ina wafadhili watatu: Misri, Nigeria na Afrika Kusini. Afrika Mashariki haimo kwenye orodha ya wachangiaji, lakini hakuna anayekuzuia kuchimba kambi Tanzania, na mimi kambi yangu ya pili huwa naiweka huko, kwa mapenzi zaidi kuliko kwa mbinu.

Askari wakishatua, gemu inageuka kuwa ya zamu. Kila askari ana pointi za muda, na kila jambo lina bei yake: kupiga hatua, kugeuka, kupiga goti, kutoa bomu mkononi au mgongoni. Bunduki ya kawaida, ukiifyatua haraka haraka, inakula robo ya muda wako wote. Ukitaka kulenga vizuri inakula asilimia 80, yaani hapo huendi tena popote. Muda usioutumia haupotei bure, kwa sababu adui akipita mbele ya askari wako wakati wa zamu yake, askari mwenye akiba anaweza kumfyatulia papo hapo. Adui naye ana haki hiyo hiyo. Basi kila ukitaka kusogea hatua moja zaidi kuchungulia nyuma ya ukuta, unaitoa kwenye akiba ambayo ingekuokoa dakika inayofuata.

Ukimaliza zamu yako, skrini inafunikwa na picha, na unaambiwa tu kwamba kuna mwendo usiouona. Unabaki na masikio. Unasikia mlango ukifunguka. Mlango upi? Unasikia risasi, kisha sauti ya mtu akifa, na wote ulionao wewe ni wazima, kwa hiyo huyo alikuwa raia. Muziki wa John Broomhall unavuma chini chini muda wote huo, na sijui kama kuna gemu ya kutisha ya siku hizi, pamoja na michoro yake yote ya kifahari, inayoweza kunifanya niegemee skrini namna ile. Usiku ni balaa zaidi, kwa sababu viumbe wanaona gizani kuliko askari wako, na wewe unatupa vijiti vya mwanga huku na huku ukiomba Mungu.

Kitu kilichonifanya niiheshimu kabisa ni risasi zenyewe. Kwenye X-COM ya 2012, kompyuta inarusha kete kwanza, inaamua umepata au umekosa, halafu inakuchorea picha ya kilichokwisha kuamuliwa. Hii ya zamani, risasi inatoka kweli kwenye mtutu, inapinda kidogo kulingana na shabaha ya mpigaji, na inasafiri hadi ikutane na kitu. Kitu chochote. Ukimkosa kiumbe, inaweza kutoboa ukuta wa ghala nyuma yake, au kumpata mwenzako aliyejificha upande wa pili, au kumpata kiumbe mwingine ambaye hata hukujua yupo. Kuta zinabomoka, mashamba yanawaka, moshi unaziba macho ya wote bila upendeleo. Siku moja nilichoka kuuvizia mlango wa nyumba ya shamba, nikapiga roketi ubavuni mwa nyumba na kuingilia hapo. Hakuna aliyeandika tukio hilo kwenye hadithi, lakini sheria za gemu ziliniruhusu, basi.

Sheria hizo zikikugeukia, zinauma. Kuna kiumbe anaitwa Chryssalid. Hana bunduki, ana kasi na makucha tu. Akimgusa mtu, mtu huyo anageuka maiti inayotembea, na ukiipiga maiti hiyo anachomoka Chryssalid mpya. Sasa mshushe huyo katikati ya mji wenye raia wasio na silaha, usiku, na wewe una askari wachache waliobanana kwenye mlango wa ndege. Hesabu inafanyika mbele ya macho yako: kila raia usiyemfikia ni adui wa zamu ijayo. Nimewahi kuamuru ndege iondoke na kuuacha mji mzima. Pointi za mwezi ziliporomoka, wafadhili wakanuna, lakini askari wangu wakubwa walirudi hai, na nikiulizwa leo nitafanya vile vile.

Majina ya askari yanakuja yenyewe, ya Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kijapani na Kirusi. Gemu inakuruhusu kuyabadilisha, nami ni jambo la kwanza ninalofanya. Kikosi changu kina Bi Mkubwa, ambaye hakosi. Kina Mjomba, ambaye nilimkabidhi roketi kabla sijajua kuwa akili yake ni laini. Kina Shemeji, Mwalimu na Konda. Baadaye, wakija viumbe wenye uwezo wa kuingia vichwani mwa watu, wanamtafuta mwenye akili laini. Mjomba akageuka taratibu, akatazama mlango wa ndege uliojaa ndugu zake, na sitaki kuendelea. Nasema tu kwamba nimesoma hadithi nyingi za vita zilizoandikwa na watu wenye vipaji, na chache zimenibaki kichwani kama ile ambayo haikuandikwa na mtu yeyote. Wengine walipoona vile morali ikawashuka, mmoja akatupa silaha na kukimbia, mwingine akaanza kufyatua ovyo.

Halafu unarudi kambini, na kambini kuna bili. Hili ndilo ambalo gemu nyingi zilizofuata zimeshindwa kuliiga vizuri. Vita inalisha bajeti na bajeti inalisha vita. Kufa kufaana: silaha za viumbe unaziokota, unazichunguza, unazitumia, zinazobaki unaziuza. Nani ananunua bunduki za plasma? Hakuna anayeuliza. Wahandisi wako wakijua kutengeneza mizinga ya leza, kila mzinga unauzwa dola 211,000 na faida inabaki hata ukitoa mishahara, kwa hiyo mlinzi wa dunia anageuka mfanyabiashara wa silaha ili aendelee kuilinda. Mwisho wa mwezi nchi zinapima kazi yako. Ukizembea, viumbe wanaweza kuifikia serikali kimya kimya, nchi ikasaini mkataba nao, na mchango wake ukakatika moja kwa moja. Hutaona filamu ya usaliti. Ni mstari mmoja tu kwenye ripoti, katikati ya hesabu za fedha.

Iliyoitengeneza ni kampuni ndogo ya Uingereza, Mythos Games, ya Julian Gollop na mdogo wake Nick. Walikuwa na gemu ya mapigano ya zamu iitwayo Laser Squad, ya 1988, wakataka kufanya ya pili. Kampuni ya kuchapisha gemu ya MicroProse, tawi la Uingereza, kule Chipping Sodbury, ikawaambia wazo zuri lakini ni dogo, tuleteeni kitu kikubwa cha kufanana na Civilization, gemu yao ya kujenga dola. Ndipo ule mpira wa dunia ukaongezwa juu ya mapigano. Karibu ife kabla ya kuzaliwa: MicroProse iliponunuliwa na kampuni nyingine, Spectrum HoloByte, wakubwa wapya walitaka ifutwe, na watu wa Uingereza wakaendelea nayo kimya kimya. Kisa hicho nakipenda kwa sababu kinafanana na gemu yenyewe.

Kasoro zipo, na si ndogo. Vitufe ni vidogo, vina michoro ya ajabu, na hakuna anayekueleza kipi ni kipi. Kila ukienda vitani unapanga upya nani abebe nini, kazi ya kuchosha kabisa. Kuna kumtafuta kiumbe wa mwisho aliyejifungia chumbani ghorofani, zamu baada ya zamu, mpaka usingizi unakujia. Na ukishapata maabara ya kufundisha askari wako nao kuingilia akili za adui, mizani inavunjika: kiumbe akionekana na mtu yeyote tu, unamteka akili ukiwa umekaa ndani ya ndege, unamtumia kuwatafuta wenzake, na ule woga wote wa mwanzo unayeyuka. Kwa maoni yangu robo ya mwisho, hadi safari ya Mars ambako gemu inaishia, ni kumalizia tu kazi uliyokwisha kuishinda.

Kasoro iliyo maarufu zaidi ni ya kuchekesha. Katika toleo la mwanzo la DOS, mfumo wa kompyuta wa enzi hizo, kiwango cha ugumu ulichochagua kilirudi kimya kimya kuwa cha wanaoanza ukishafungua mchezo uliousevu. Mabingwa waliojisifu kushinda kiwango cha juu kabisa walikuwa wanacheza cha chini. Wakalalamika kuwa gemu ni nyepesi, na MicroProse ikawasikia: iliyofuata mwaka 1995, Terror from the Deep ya chini ya bahari, ikafanywa ngumu kupita kiasi. Nimeijaribu. Siipendekezi kwa mtu mwenye shinikizo la damu.

Kuhusu kuipata: inauzwa kwenye maduka ya mtandaoni ya Steam na GOG, na wakati wa punguzo bei yake hushuka mno. Ni megabaiti chache tu, haihitaji kadi ya michoro wala intaneti ukishaipakua, kwa hiyo laptopu ya mtumba inatosha kabisa. Lakini usiicheze ilivyo. Pakua OpenXcom, programu ya bure iliyotengenezwa na wapenzi wa gemu hii, toleo lake la 1.0 likatoka 2014. Inatumia mafaili ya gemu uliyonunua, inaondoa hitilafu za zamani pamoja na ile ya ugumu, inakumbuka silaha za askari wako, na inasevu yenyewe kila baada ya zamu kadhaa ukiiwekea hivyo, jambo la maana sana kwetu tuliozoea umeme kukatika bila taarifa. Kuna wanaoicheza kwenye simu. Inawezekana, ila vidole vyangu na vile vitufe havikuelewana.

Naipa nyota tano kwa miezi ya mwanzo ya vita na tatu kwa miezi ya mwisho. Ukiianza, anza kiwango cha chini na usione haya. Kabla ya safari ya kwanza uza silaha nzito usizozijua, nunua mabomu ya moshi, na lirushe la kwanza mlangoni mwa ndege kabla mtu hajashuka. Tafiti leza mapema, kwa sababu hazihitaji risasi. Na Elerium, ile fueli utakayoikuta kwenye visahani, hata ukiishiwa kiasi gani, usiiuze; hakuna mhandisi atakayekutengenezea nyingine.