Mchanga mweusi wa Sabaki: nyota nne, moja nimekata kwa sababu ya tuktuk

Nimechoka kuulizwa mchanga mweupe wa Malindi uko wapi. Mweupe nenda Watamu bwana. Juzi Jumamosi nimempeleka dadangu aliyekuja kutoka Nairobi pale mto Sabaki unapoingia baharini, ukishavuka daraja kama unaenda Mambrui, tukachukua kijana wa pale kijijini atutembeze.

Jamani ule ufuo si wa kuogea, ni wa kutazama. Vilima vya mchanga, magogo yaliyoletwa na mafuriko, upepo unakupiga usoni mpaka mtandio unataka kwenda zake, na maji yana rangi ya chai ya maziwa. Wimbi likirudi linaacha michirizi myeusi tii, ukiuchota ule mchanga ukiwa bado umeloa ni kama unga wa makaa lakini mzito, na ukiugeuza juani unametameta. Kijana wetu akatoa sumaku ya spika mbovu mfukoni akaiburuta chini, ikatoka imeota ndevu za mchanga mweusi! Mwanangu kuanzia hapo hakutaka kuona kitu kingine, hata flamingo walipokuwa wamesimama kule kwenye maji madogo hakuwageukia.

Dada akaanza na zake, ati mchanga mweusi wa kweli ni Reynisfjara kule Iceland, ule wa volkano. Sawa, lakini kule utavaa makoti matatu na mawimbi yake yashachukua watu. Wetu haukuzaliwa hapa, pwani hii haina volkano, ila huu mto ndio ule ule Athi wa Ukambani, ndio Galana wa Tsavo, na njiani unapita ubavuni mwa uwanda wa juu wa Yatta ambao kule juu umefunikwa na lava zaidi ya kilomita 250, sasa mpaka ufike kwetu umeshasaga na kubeba vya kila mtu. Ndio maana kaskazi ikivuma maji ya mto yanasukumwa mpaka mjini na wenye hoteli wananuna.

Kijana nampa tano kwa tano, anajua ndege kwa majina, na alitukataza kabisa kukanyaga maji ya mto kwa sababu ya viboko, akatuonyesha na nyayo zao kwenye tope, pana kama sinia. Tuktuk ndio ilituudhi. Tulikubaliana elfu moja mia tano kwenda na kurudi, ikakwama mchangani tukashuka kusukuma, halafu wakati wa kurudi jamaa anataka mia tano ya juu, eti ya kukwama! Sikumpa.

Nendeni asubuhi, saa nne ule weusi ushashika moto huwezi kukanyaga pekupeku, na maji ya kunywa mbebe, hakuna duka. Sumaku mtoto alipewa zawadi, iko mlangoni kwa friji na ndevu zake, amekataa isifutwe.