Kujipikia wenyewe Pangani: nenda, ila angalia mwezi kwanza

Haya, tumerudi jumapili usiku na gari mpaka leo linanuka samaki, kwahiyo naandika kabla sijasahau. Tulikuwa watu wazima 4 na watoto 3, tukachukua nyumba nzima Pangani mjini, huku pwani ya Tanga, siku 4, elfu 90 kwa usiku, vyumba vitatu na jiko, unapika mwenyewe. Hesabu yetu ilikuwa nyepesi tu, watu 7 wakila hotelini mara tatu kwa siku hela yote inaishia kwenye sahani, mi nikasema tuchukue nyumba, samaki si wako hapohapo, asubuhi tunanunua kwa wavuvi mchana tunapika, basi.

Sa hapo ndo tulipokosea na nataka mtu alijue hili kabla hajatuma hela ya watu. Tarehe tulichagua kwa kuangalia likizo ya watoto, halafu na shemeji yangu akataka mbalamwezi, eti picha za usiku ufukweni zinatoka vizuri. Mbalamwezi tuliipata, yaani usiku unaona mpaka kivuli cha mnazi. Asubuhi nikashuka na ndoo yangu kutafuta dagaa, maana mimi kilichonipeleka Pangani kusema ukweli ni dagaa wabichi, sio mbalamwezi, nikakuta chanja za kuanikia ziko tupu kabisa, kuku wanajipitia. Kuna mzee alikuwa anashona nyavu nikamuuliza kulikoni, akacheka mpaka akaweka sindano chini. "Mwanangu, dagaa anavuliwa kwa taa. Bahari yote leo ina taa, nani ataifuata ya kwangu?" Miaka yote nakula dagaa sikuwahi kujua wanakwenda na mwezi! Wanavuliwa zile siku za giza, mwezi ukikua vyombo vya kuvulia vinapumzika, watu wanatia kalafati kuziba nyufa na kushona nyavu kama yeye. Nikarudi na ndoo tupu, shemeji anahariri picha.

Ila mwezi uleule ulionyima dagaa ndio ulioleta pweza. Mwezi mpevu ni bamvua, maji yanakupwa mbali sana, miamba inabaki wazi na watu wanaingia na vijiti kumtafuta pweza kwenye mashimo yake. Siku ya pili saa sita sita hivi mama mmoja akapita mlangoni na pweza wawili kwenye beseni, katoka nao upande wa Ushongo, ng'ambo ya mto, elfu 20 wote wawili, sikubishana hata.

Na hapo sasa tukaingia kwenye jiko lenyewe. Tangazo lilisema jiko lina kila kitu. Nawatajia hicho kila kitu: sufuria 3 moja haina mfuniko, kisu kimoja ambacho hakikati hata nyanya kinaiponda tu, vikombe 11 (sijui walikuwa wanategemea harusi), na mtungi wa gesi wa kilo 6 ambao ulizima siku ya kwanza chai haijachemka. Nikampigia mwenye nyumba akasema mgeni ndio anajaza. Sawa, lakini si useme mapema? Mbuzi ya kukunia nazi hakuna. Nyumba ya kupangisha wageni pwani, Pangani, nje kuna minazi imesimama inakuangalia, ndani hakuna mbuzi! Kwa kweli hili liliniuma kuliko gesi.

Aliyetuokoa ni mama wa nyumba ya pili. Nilienda kuazima mbuzi akanipa, halafu akaona navyomshika yule pweza akanifuata mpaka jikoni kwetu. Mi nilikuwa nimeshabandika maji yanachemka, akayamwaga yote. Akasema pweza maji anatoka nayo mwenyewe, ukimuongezea unampikia supu ya watu wengine. Akamchapa kwanza kwenye jiwe pale uani, pa pa pa, akamgeuza akamchapa tena, akamuosha ule utelezi, akamtumbukiza mzima kwenye sufuria kavu bila chumvi akafunika (sufuria yenye mfuniko, bahati). Baada ya dakika kumi nafunua nakuta anaogelea kwenye maji ya zambarau na mikia yote imejikunja kama ua. Ukichoma na uma ukaingia bila kulazimisha ndio unamkata, unamuungia na nazi, na chumvi inaingia mwishoni huko. Mtoto wangu wa mwisho ambaye nyumbani anakula chipsi tu aliomba mara ya pili. Yule mama hela alikataa akachukua sahani moja ya pweza na sukari kilo moja, na hiyo sukari ilibidi nimlazimishe.

Kuogelea sasa. Msiende Pangani mjini mkitegemea maji ya bluu, pale ni mdomo wa mto, na ule mto unatoka huko Kilimanjaro na Meru, umekusanya udongo wa mikoa kibao, kwahiyo mbele ya mji maji ni rangi ya chai ya maziwa. Maji mazuri yako kule Ushongo, unavuka mto na pantoni mpaka Bweni halafu unaendelea na barabara. Na bamvua inawapangia hata hapo, saa nne asubuhi maji yameshakimbia, watoto wamevaa maboya wanatembea kwenye mchanga kilomita sijui ngapi hawafiki popote, tukawa tunaoga saa tisa jioni kwenda mbele maji yakiwa yamejaa.

Maziwe tulienda siku ya tatu kwa boti. Ni tuta la mchanga katikati ya bahari, hifadhi tangu 1975, wanasema zamani kilikuwa kisiwa kabisa chenye mivinje na kasa wakipanda kutaga, siku hizi miti imeisha na maji yakijaa kinazama chote. Kwahiyo unakwenda na saa yako. Nahodha alituambia mapema tunaondoka saa ngapi na hakutaka mjadala, shemeji akaomba dakika tano za picha akakataliwa, mimi nikafurahi kimoyomoyo. Kuzamia na miwani kule ni kuzuri sana, samaki wa rangi zote wanapita hapa machoni. Kiingilio cha hifadhi kipo na boti ni hela yake mbali, ulizeni vyote viwili kabla hamjapanda.

Mji wenyewe umetulia, majumba ya zamani yenye milango ya kuchonga mengine yanadondoka taratibu, jioni vijana wanacheza mpira mchangani. Ni hapa hapa Wajerumani walimnyonga Abushiri, aliyeongoza watu wa pwani kupigana nao, Desemba 1889, nilitegemea watoto waulize maswali ya maana, wakauliza kama kuna aiskrimu.

Mengine: luku iliisha usiku wa tatu saa nane, feni zikasimama, na mbu wa mtoni hawana huruma, kumbe umeme nao ni juu ya mgeni. Chandarua cha chumba cha watoto kina tundu unapitisha ngumi. Godoro zuri, maji yanatoka, choo kisafi, hapo siwaonei.

Kwa ujumla naipa nyota 3 nyumba, Pangani yenyewe naipa 5. Kama mnakwenda kujipikia bebeni kisu chenu, mbuzi yenu kama gari lina nafasi, mchele na vitunguu tulinunua Tanga pale Mgandini tukapita navyo, na hela ya gesi iwekeni pembeni kabisa. Halafu kabla ya kulipia angalieni mwezi. Mpenda dagaa aende siku za giza, mpenda pweza bamvua, anayetaka picha aje na chakula chake. Sisi tumeshapanga kurudi mwezi ukiwa haupo kabisa, shemeji hajaambiwa bado.

Na kisu changu kizuri nimekisahau kwenye droo ya lile jiko. Nimempigia mwenye nyumba anasema hajakiona.