TAHADHARI: "Michoro ya mkono" ya Klimt, Van Gogh na Vermeer inayouzwa mtandaoni kwa bei ya kutupa

Ndugu zangu mnaopenda kupamba nyumba kwa picha za wachoraji wakubwa, someni hili kabla hamjatuma hela popote.

Kuna kurasa za mauzo zinazozagaa kwenye mitandao ya kijamii zikinadi "michoro ya rangi ya mafuta iliyochorwa kwa mkono", nakala za Klimt, Van Gogh, Monet, Vermeer. Kutaja jina la ukurasa hakutasaidia, maana leo wanatumia hili, wiki ijayo wamelifuta na kufungua jingine. Picha za tangazo ni zilezile na maneno ni yaleyale: punguzo linaisha leo usiku, zimebaki chache, mzee mchoraji anastaafu na duka linafungwa. Mimi kazi yangu ni kutengeneza fremu. Watu wakishanunua picha huniletea niziwekee fremu, kwa hiyo mzigo wa hawa jamaa unaishia mezani kwangu, na nimeuona wa kutosha kusema bila kumung'unya maneno kwamba huu ni utapeli.

Kilichonisukuma kuandika ni mama mmoja aliyeniletea nakala ya Busu la Gustav Klimt, ile picha ya mwanamume akimbusu mwanamke, iwe zawadi ya harusi ya binti yake. Aliagiza mchoro wa mkono, na risiti aliyonayo inasema mchoro wa mkono. Alicholetewa ni kitambaa kilichochapishwa kwa mashine, kisha kikapakwa gundi nzito isiyo na rangi ili ukipitisha kidole uhisi alama za brashi. Nilizima taa ya juu nikamulika tochi ya simu kwa ubavuni, na zile alama zikajitokeza zote. Zinaelekea upande mmoja, zinapita juu ya shavu, juu ya nywele, juu ya maua, kana kwamba chini yake hakuna picha. Mchoraji hapaki hivyo. Brashi yake ikifika kwenye shavu inafuata duara la shavu, ikifika kwenye ua inabadilika. Kisha nikampa kioo cha kukuzia aangalie mwenyewe uso wa yule mwanamke. Akaona vitone vidogo vya buluu, waridi, njano na vyeusi vilivyorundikana mpaka vikafanana na ngozi. Rangi ya mafuta iliyopakwa kwa brashi haina vitone.

Kilichoniudhi zaidi ni umbo. Klimt alichora Busu kati ya 1907 na 1908 kwenye turubai ya mraba, sentimita 180 kwa 180, na hadi leo liko kwenye makumbusho ya Belvedere, Vienna. Picha ya mama huyu ilikuwa ndefu na nyembamba. Wameikata kulia na kushoto ili iingie kwenye kipimo cha kitambaa walichokuwa nacho. Ile anga ya dhahabu inayowazunguka wapendanao imeondoka karibu yote, na vidole vya miguu vya mwanamke, vile vilivyojikunja ukingoni mwa bustani ya maua, vimekatwa. Mama alipomwandikia muuzaji akajibiwa kwamba hicho ndicho "kipimo cha asili". Mtu anakata kazi ya msanii kisha anamwambia mteja kwamba msanii ndiye aliyeifanya hivyo!

Sasa nieleweke vizuri. Sina ugomvi na nakala. Napenda nakala, na ninaamini kabisa kwamba nyumba ya mtu wa kawaida inastahili kuwa na Vermeer sebuleni. Lile Wimbi Kubwa la Hokusai, msanii wa Japani, la mwaka 1831 hivi, lilizaliwa likiwa chapa, yaani picha ya kuchapwa. Lilichongwa kwenye mbao, likachapwa kwa maelfu, likauzwa kwa bei ambayo watu wa kawaida wa Japani waliimudu. Hakuna aibu yoyote kutundika picha iliyochapishwa. Muuzaji akisema "hii ni chapa, imechapishwa kwa wino huu, kwenye karatasi hii, kipimo hiki", huyo mheshimuni na mnunue kwake. Ninaowaandikia tahadhari ni wale wanaouza chapa kwa jina la mchoro, wanaojua kwamba mnunuzi wao hajawahi kuingia makumbusho na hana pa kulinganishia. Wanamlenga hasa yule anayeanza kuipenda sanaa, na akishaumizwa mara moja wengi hawarudi tena.

Njia ya kuwagundua kabla ya kulipa ipo, na haihitaji utaalamu. Muulizeni muuzaji maswali mawili: mchoro halisi uko makumbusho gani, na una kipimo gani? Mtu anayeheshimu kazi yake atajibu papo hapo. Tapeli atawaambia ofa inaisha. Kisha jibu lake lihakikisheni kwenye tovuti ya makumbusho yenyewe, maana vipimo vimeandikwa pale. Mona Lisa ni sentimita 77 kwa 53, kimo kwanza kisha upana. Msichana mwenye Hereni ya Lulu wa Vermeer, aliyeko makumbusho ya Mauritshuis mjini The Hague, ni 44.5 kwa 39, yaani karibu mraba. Usiku wa Nyota wa Van Gogh, wa Juni 1889, una sentimita 73.7 kwa 92.1, umelala kwa upana. Mtu akiwauzia Usiku wa Nyota uliosimama wima, au Wimbi la Hokusai lililogawanywa vipande vitatu vya kutundika sambamba, ameshawaambia anavyoithamini picha hiyo. Angalieni pia kama picha haijageuzwa kulia kuwa kushoto. Alizeti za Van Gogh zilizoko National Gallery, London, zina sahihi "Vincent" kwenye chombo cha maua chenyewe. Herufi zikisomeka kinyume, basi picha imegeuzwa.

Kukuza picha si dhambi. Tatizo ni faili wanalolitumia. Wengi wao huchukua picha ndogo kutoka intaneti, yenye upana wa pikseli (nukta zinazounda picha ya kidijitali) 1,000 tu. Ukichapisha kwa vitone 150 kwa inchi, ambacho ni kiwango cha chini kwa picha ya ukutani, pikseli hizo zinakupa upana usiofika sentimita 17. Wao wanazivuta mpaka mita nzima, kwa hiyo kila inchi inabaki na pikseli kama 25. Ndiyo maana ukisogea karibu macho ya msichana wa Vermeer yanakuwa ukungu, na ile nukta nyeupe kwenye lulu inakuwa doa. Ombeni mtumiwe picha ya karibu ya sehemu moja ya bidhaa yenyewe, tena mchague nyinyi sehemu hiyo: kona ya chini kushoto, sikio, ncha ya wimbi. Mwenye mzigo ataipiga kwa simu dakika hiyohiyo. Asiye nao atarudia kuwatumia picha ya tangazo.

Siku hizi kuna jambo jipya linalonitisha zaidi. Zinauzwa picha kwa jina la Van Gogh ambazo Van Gogh hakuzichora kamwe. Zimetengenezwa na programu za akili bandia: mkahawa wenye nyota, paka dirishani, bahari yenye mizunguko ya buluu na njano, na chini yake wameandika jina lake na mwaka. Alifariki mwaka 1890, na kazi zake zimeorodheshwa na wataalamu kwa namba. Usiku wa Nyota, kwa mfano, ni F612. Picha ikikosa namba, ikakosa makumbusho au mmiliki anayejulikana, na muuzaji akadai ni "kazi yake isiyofahamika sana", acheni. Inauma kufikiri kwamba kuna mtoto atakua akiitazama picha hiyo ukutani kwao akiamini ndiyo kazi ya Van Gogh.

Cheti nacho ni changa la macho. Wanatuma karatasi yenye mhuri wa dhahabu, "cheti cha uhalisi", na namba kama 17/250, yaani nakala ya 17 kati ya 250, chini ya picha. Uhalisi wa nini? Klimt alifariki mwaka 1918 na hakuidhinisha toleo lolote la nakala 250 za kiwanda hicho. Namba za toleo zina maana pale msanii mwenyewe, au mwenye haki zake, anapotoa chapa na kuahidi kutozidisha. Na hata sahihi ya kweli haitoshi. Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa likielekea Andorra likiwa na karatasi tupu 40,000 zilizokuwa tayari zimesainiwa na Salvador Dalí, mchoraji wa Uhispania. Sahihi zilikuwa zake, picha bado haikuwepo! Soko la chapa za Dalí limebaki na mashaka mpaka leo. Kwa hiyo anayewatoza zaidi kwa sababu ya cheti na namba, anawatoza kwa ajili ya karatasi.

Na kwa wachoraji wa karibuni kuna suala la hakimiliki. Katika nchi za Umoja wa Ulaya na nyingine nyingi ulinzi hudumu miaka 70 baada ya msanii kufa. Picasso alifariki mwaka 1973, kwa hiyo huko kazi zake zinalindwa hadi mwisho wa 2043. Bango halali la Picasso kwa kawaida huwa na mstari mdogo pembeni unaotaja mwenye haki. Lisipokuwa nao, muulizeni muuzaji kibali chake kiko wapi.

Mengine nayapitia haraka. Picha za tangazo zinazoonyesha mchoro mkubwa juu ya kochi zimetengenezwa kwa kompyuta, msiziamini. Chukueni futi kamba mpime ukutani kwenu kipimo kilichoandikwa, mkiangalia kama kinahesabu na ukingo mweupe unaoizunguka picha. "Fremu ya mbao ngumu" nimeikata kwa msumeno nikakuta povu la plastiki lililofunikwa kwa karatasi yenye mistari ya mbao. Na mkiombwa mlipe nje ya mfumo wa malipo wa mtandao husika, hapohapo mjue mnalizwa.

Kinachonikera kuliko yote ni kwamba watu wanaibiwa kwa ajili ya kitu ambacho wangeweza kukipata kihalali, tena kizuri zaidi. Rijksmuseum ya Amsterdam inatoa picha za kazi zake kwa ubora wa juu, bure, na humo yumo Mwanamke Anayemimina Maziwa wa Vermeer. Metropolitan Museum of Art ya New York ilifungua zaidi ya picha 375,000 mwezi Februari 2017 zitumiwe na yeyote kwa namna yoyote. Wimbi la Hokusai limo, na lile shamba la ngano lenye miti ya msanduku la Van Gogh limo. Art Institute of Chicago na National Gallery of Art ya Washington nao wamefungua hazina zao. Pakueni faili kubwa kuliko yote lililopo, lipelekeni kwa mchapishaji mnayemwona kwa macho, mwambieni atumie wino wa pigmenti na karatasi isiyo na asidi, na asikate kitu. Aandae kipande kidogo cha majaribio kwanza, mlinganishe rangi. Fremu ikitengenezwa, picha isigusane na kioo, na isitundikwe panapopigwa na jua moja kwa moja. Nakala ya namna hiyo nikiiweka kwenye fremu huwa naitazama kwa muda kabla ya kuikabidhi, na sioni haya hata kidogo kuiita nzuri.

Kwa ambao hela imeshaenda: msikubali aibu iwafunge mdomo. Kifurushi kifungueni mkirekodi video, lebo ya usafirishaji ionekane, kisha pimeni picha kwa futi kamba ndani ya video hiyohiyo. Pigeni picha ya vitone kupitia kioo cha kukuzia, na hifadhini picha ya skrini ya tangazo kabla hawajalifuta. Fungueni malalamiko rasmi kwenye mtandao mliolipia au benki iliyotoa kadi yenu, mapema, kwa sababu muda wa kulalamika una mwisho, na muuzaji anaujua kuliko nyinyi. Atawaomba msubiri. Atasema mrudishe mzigo nchi ya mbali kwa gharama yenu. Halafu atawapa sehemu ndogo ya hela kwa sharti mfunge malalamiko. Msifunge, kwani mara nyingi yakishafungwa hayafunguki tena. Yule mama hakufunga, na nimemwandikia maelezo ya kitaalamu ya kile nilichokiona mezani ayaambatanishe na dai lake. Nanyi mwombeni mtengeneza fremu au mchapishaji yeyote aliye karibu awaandikie hivyo, ni kazi ya dakika chache.

Mkishalalamika hadharani, atatokea mtu kwenye ujumbe wa faragha akijiita mtaalamu wa kurejesha fedha zilizotapeliwa, na ataomba malipo kidogo ya kuanzia. Msimjibu, msimtumie chochote, wala msimpe namba ya kadi.