Uzoefu wangu na kliniki ya pumu kali: vipimo kwanza, dawa baadaye

Mimi ni katika wale ambao pumu yao haitulizwi hata na pampu ya steroidi ya dozi kubwa. Kila kifua kilipobana nilipewa prednisoloni, yaani vidonge vya steroidi. Napata nafuu, uso unavimba, dozi inaisha, shambulio linarudi. Safari hii nilipewa rufaa kwenda kliniki ya pumu kali, na tofauti niliiona kabla hata dawa mpya haijaandikwa.

Muuguzi alianza kwa kunitazama nikivuta pampu mbele yake. Aliporidhika, vipimo vikafuata. Spairometri, kipimo cha nguvu ya mapafu, inachosha jamani: unapuliza kwa nguvu zote mpaka hewa iishe, halafu unaambiwa rudia, na kikohozi hicho. Cha nitriki oksaidi, gesi ya kwenye pumzi inayoonyesha uvimbe wa njia za hewa, ni rahisi, unapuliza polepole tu. Kwenye damu walitafuta eosinofili, chembe nyeupe zinazochochea uvimbe katika njia za hewa. Hapa sikilizeni: prednisoloni huzishusha haraka, kwa hiyo ukipimwa huku unameza vidonge, majibu yanaweza kudanganya. Kwingine kote sikuwahi kuambiwa hilo.

Zangu zilizidi 300 kwa mikrolita. Nikaanzishiwa mepolizumabu, sindano ya miligramu 100 chini ya ngozi kila wiki 4. Inazuia interleukini-5, protini ya mwilini ambayo ndiyo inayozikuza chembe hizo. Daktari alinieleza mapema kwamba haihukumiwi kabla ya miezi 4, na kweli, mwanzoni sikuona lolote nikawa nimeshanuna. Kisha vidonge vikaanza kupunguzwa kidogo kidogo. Siku hizi nalala chali. Pampu sijaiacha, maana sindano haizimi shambulio lililokwisha anza.

Mzee mmoja niliyekaa naye foleni ana ugonjwa sugu wa kuziba njia za hewa, sigara za miaka mingi. Eosinofili zake hazifiki 100, basi steroidi ya pampu wakamwondolea: kwa mtu kama yeye faida ni ndogo na hatari ya nimonia inaongezeka. Mimi ya pampu nimebakishiwa.

Kasoro zipo. Majibu yanachelewa, foleni haina adabu, na usipouliza huelezwi namba zako zina maana gani. Anayetaka nafuu ya leo leo ataichukia kliniki hii. Ila kama kila mara unarudishwa kwenye prednisoloni, omba rufaa, na uende na orodha ya vidonge vyote ulivyomeza mwaka mzima. Wataitaka mapema.