Zotero: miaka miwili nikiitumia kuandaa makala za jarida

Makala yangu ya kwanza, iliyohusu vikundi vya wanawake vya kuweka na kukopa wilayani Kondoa, ilirudi ndani ya siku nne. Mhariri hakufika hata kwenye matokeo. Aliandika mistari miwili tu: kuna vyanzo vimetajwa ndani ya matini lakini havimo kwenye orodha ya marejeleo, na vingine vimo kwenye orodha lakini havikutajwa popote. Nikaenda steshenari nikachapa kurasa zote, nikakaa chini na kalamu nyekundu, nikaanza kuhesabu. Marejeleo 63, kasoro 11. Miezi minane ya kuzunguka vijijini, halafu kazi inakwama kwenye majina na mabano. Iliniuma sana.

Mwenzangu wa ofisini ndiye aliyeniuliza, "Dada, kumbe hayo yote unaandika kwa mkono hadi leo?" Jioni ileile akaniwekea Zotero kwenye kompyuta.

Ni programu ya bure ya kutunza na kupanga marejeleo. Ilianzia Chuo Kikuu cha George Mason kule Marekani mwaka 2006, kwenye kituo cha wanahistoria, na leo iko chini ya shirika lisilotafuta faida. Kwa sisi ambao mshahara unaisha tarehe 15, hili si jambo dogo. Jambo jingine ninalolipenda ni kwamba maktaba yako inakaa ndani ya kompyuta yako mwenyewe. Bando likiisha, unaendelea kusoma, kuandika na kunukuu kama kawaida. Intaneti unaihitaji unapotafuta chanzo kipya au unapotaka nakala ihifadhiwe mtandaoni.

Kuingiza chanzo ni rahisi. Ukiwa na DOI ya makala au ISBN ya kitabu, yaani namba ya utambulisho wa chapisho hilo, unabofya kitufe chenye picha ya kifimbo, unabandika namba, na mwandishi, mwaka, juzuu na kurasa vinajijaza. Ukishaweka kiendelezi chake, yaani programu ndogo ya nyongeza, kwenye kivinjari, unaweza pia kuchukua makala moja kwa moja kutoka kwenye ukurasa unaosoma. Ukifika kwenye Word, unaweka kasa (kile kimstari kinachowakawaka) pale unapotaka kunukuu, unaandika jina la mwandishi, unamchagua. Orodha ya mwisho inajijenga yenyewe. Ukifuta nukuu, chanzo chake nacho kinatoka kwenye orodha. Zile kasoro zangu 11 zote zilikuwa za aina hiyo.

Siku niliyoikubali kabisa ni siku niliyobadilisha jarida. La kwanza lilitaka mtindo wa APA, toleo la 7, ule wa jina la mwandishi na mwaka; la pili lilitaka Vancouver, ule wa namba. Kwa mkono hiyo ni kazi ya wikiendi nzima, maana ukiongeza chanzo kimoja katikati, namba zote zinazofuata zinasogea. Nilifungua mipangilio, nikachagua Vancouver, nikabofya. "(Mwandishi, 2018)" zikageuka namba ukurasa kwa ukurasa, na orodha yote ikajipanga upya kwa mfuatano wa kutajwa. Chai yangu ilikuwa bado ya moto. Hifadhi yao ina mitindo zaidi ya 10,000, kwa hiyo jarida unalolilenga huenda tayari limo.

Sasa niseme na upande wa pili, maana nimeona wanafunzi wangu wakiiachia kila kitu. Zotero inapanga kile ulichoipa. Ukiipa takataka, itazipanga vizuri sana. Ripoti ya Benki ya Dunia niliiingiza mwenyewe, nikaandika World kwenye kisanduku cha jina la kwanza na Bank kwenye cha ukoo. Kwenye orodha ikatoka "Bank, W.", kana kwamba ni mtu na babu yake. Dawa ipo: pembeni ya jina kuna alama ndogo ya kugeuza visanduku viwili kuwa kimoja, na jina la taasisi linaandikwa humo lote kwa pamoja. Vichwa vya makala navyo vinaingia kama mchapishaji alivyoviandika, pengine herufi kubwa tupu. Viandike kama sentensi ya kawaida, na uhakikishe Dodoma na Tanzania zimebaki na herufi zake kubwa. Tasnifu za maktaba zetu, ripoti za halmashauri na PDF zilizopigwa picha zisizosomeka na mashine, hizo utajaza mwenyewe. Mimi nasafisha kila chanzo siku hiyohiyo kinapoingia. Ukivilimbikiza hadi usiku wa kutuma, utalia.

Nafasi ya bure mtandaoni ni MB 300, na PDF zinaijaza upesi. GB 2 ni dola 20 kwa mwaka. Mimi silipi: nimezima usafirishaji wa mafaili, taarifa za marejeleo zinaendelea kuhifadhiwa mtandaoni bila kikomo hicho, na PDF nazinakili kwenye diski ya nje kila Ijumaa.

Kuna kitu nilikuwa sikijui hadi asubuhi moja nilipofungua nikakuta utepe mwekundu: makala moja niliyoitegemea kwenye mjadala imebatilishwa. Tangu 2019 Zotero inalinganisha maktaba yako na kanzidata ya Retraction Watch, inayoorodhesha makala zilizobatilishwa, na kukuonya. Nilivuta pumzi, nikaifuta aya nzima nikaiandika upya. Heri mimi niione kuliko kuonyeshwa na mhakiki.

Ukiandika na mwenzako, kubalianeni mapema kwamba hakuna wa kubandika nukuu kwa mkono. Daktari ninayeandika naye aliongeza tatu hivyo kwa nia njema, zikabaki maandishi ya kawaida na hazikuingia kwenye orodha. Nilizikuta usiku wa kutuma.

Na usiku huo, kabla ya kutuma, tengeneza nakala ya faili, kisha kwenye hiyo nakala ndipo ukate uunganisho kati ya Word na Zotero. Ukishakata hakuna kurudi, na maoni ya wahakiki yakija utaihitaji ile ya awali ikiwa hai. Yangu imekaa kwenye folda yenye jina USIGUSE. Wahakiki wawili wamerudisha maoni wiki iliyopita, kurasa tatu, na hakuna hata mstari mmoja kuhusu marejeleo.