Darubini Ndogo za Lenzi kwa Picha za Nebula na Galaksi: Ipi Inunuliwe Kwanza

Anayenunua darubini ya kwanza ya kupigia picha nebula na galaksi huvutwa na kipenyo kikubwa, kwa kuwa kwa mtazamaji wa macho kipenyo ndicho kinachoamua karibu kila kitu. Kamera ina tabia nyingine. Hukusanya mwanga kwa dakika nyingi, picha kadhaa hurundikwa pamoja na programu ya kompyuta, na uchache wa mwanga hufidiwa kwa kuongeza saa za kazi. Kisichofidiwa ni nyota zilizovutika kwa sababu stendi ilishindwa kufuata mzunguko wa Dunia kwa usahihi, na kadiri umbali wa fokasi, yaani umbali kutoka lenzi hadi taswira inapokuwa kali, unavyorefuka ndivyo kila kosa dogo la stendi linavyokuzwa. Kwa sababu hiyo darubini zilizomo humu, zenye kipenyo cha kati ya milimita 50 na 80, zimepangwa kwa kigezo kimoja: ni ipi itakayompa mnunuzi nyota za duara hadi kwenye kona za picha bila kumlazimu kununua stendi nzito na bila kumpotezea usiku mzima akipanga pete za kuunganishia kamera.

Hesabu inayofaa kufanywa kabla ya kutoa fedha ni fupi. Zidisha ukubwa wa pikseli ya kamera, kwa mikromita, mara 206, kisha gawanya kwa umbali wa fokasi kwa milimita. Jibu ni sehemu ya anga, kwa sekunde za tao, inayoangukia katika pikseli moja. Sekunde moja ya tao ni sehemu ya 3600 ya digrii. Pikseli ya mikromita 3.76, ambayo kamera nyingi za astronomia huwa nayo siku hizi, hutoa sekunde 3.1 kwenye fokasi ya milimita 250 na sekunde 1.9 kwenye milimita 400. Stendi ndogo ya kubebeka ikiyumba kwa sekunde mbili za tao, kosa hilo humezwa ndani ya pikseli katika hali ya kwanza, lakini katika hali ya pili huanza kuonekana. Upana wa anga nao hubadilika: kihisi, yaani kipande cha kamera kinachopokea mwanga, cha ukubwa wa APS-C, ulio wa kawaida katika kamera za kubadili lenzi, huona takriban digrii 5.4 kwa 3.6 kwenye milimita 250, eneo ambalo galaksi ya Andromeda, yenye urefu wa digrii tatu hivi, huingia yote na nafasi ikabaki. Kilimia na nebula NGC 7000 huenea humo vizuri pia. Nebula ya Pete, M57, itakuwa nukta ya pikseli ishirini na kitu tu, na mwenye shauku ya magimba madogo ya namna hiyo hatapata humu darubini ya kumridhisha.

Nafasi ya kwanza: William Optics RedCat 51

Darubini hii ina kipenyo cha milimita 51, fokasi ya milimita 250 na uwiano wa f/4.9 (fokasi ikigawanywa kwa kipenyo). Kinachoipa nafasi ya kwanza ni muundo wake wa Petzval, ambao lenzi zake nne zimegawanywa makundi mawili, moja mbele na moja nyuma, na kundi la nyuma ndilo linalonyoosha uga wa picha. Lenzi ya kawaida ya darubini hutengeneza taswira iliyopinda kidogo, ilhali kihisi cha kamera ni bapa; ukiweka katikati kwenye fokasi, kona hutoka nje ya fokasi. Muundo huu una historia ndefu katika kazi yenyewe. Joseph Petzval aliubuni mwaka 1840 kwa ajili ya picha za watu, na miaka ya mwisho ya karne ya 19 mwanaastronomia Edward Emerson Barnard alitumia lenzi ya picha za watu, iliyotoka studio, kupiga picha za Njia Nyeupe katika kituo cha kutazamia anga cha Lick huko Marekani. Picha hizo zilichangia sana umaarufu wake.

Kwa mnunuzi, faida ni kwamba umbali kati ya lenzi ya nyuma na kihisi hauhitaji kupimwa kwa usahihi: kamera ikifungwa na fokasi ikafikiwa, kazi imekwisha. Uzito wake ni karibu kilo moja na nusu, kwa hiyo stendi kama Star Adventurer 2i ya Sky-Watcher, ambayo mtengenezaji huiandikia mzigo wa kilo 5, huibeba bila taabu. Ieleweke kwamba kiwango hicho cha mtengenezaji hakikuwekwa kwa kuwahurumia wapiga picha. Ni busara kukaa karibu na nusu yake, ukihesabu kamera, darubini ndogo ya mwongozo inayoisaidia stendi kufuata nyota, na nyaya.

Ina kasoro ambazo wauzaji hawazitangulizi. Katika matoleo ya awali fokasi huwekwa kwa kuzungusha pete kwenye bomba lenyewe, na kufunga mota ya fokasi hapo kunahitaji mikanda na vibano vya ziada. Kwenye f/4.9 nafasi ambayo taswira hubaki kali ni takriban asilimia sita ya milimita moja, kwa hiyo baridi ya usiku inaposhuka na bomba likajikunyata, fokasi hupotea na lazima irekebishwe. Kifuniko cha Bahtinov, chenye mistari inayotawanya mwanga wa nyota kuwa mishale mitatu, huja ndani ya kifuniko cha lenzi na hurahisisha kazi hiyo: mshale wa kati ukiwa katikati ya mingine miwili, fokasi imekaa. Toleo la baadaye lenye mfumo wa fokasi wa ndani limepunguza usumbufu wa kuzungusha bomba, na kama tofauti ya bei si kubwa ningechukua hilo.

Nafasi ya pili: Askar FRA400

Hii ni ya mtu ambaye tayari ana stendi ya ikweta (inayozunguka sambamba na mhimili wa Dunia) iliyo imara na kamera ya mwongozo. Ina milimita 72 za kipenyo, 400 za fokasi na uwiano wa f/5.6, ikiwa na lenzi tano na uga ulionyooshwa tangu kiwandani. Nebula ya Rosette na nebula kubwa ya Jabari hukaa humo kwa ukubwa unaoridhisha kuliko kwenye milimita 250. Kuna pia kipunguza fokasi chake cha 0.7 kinachoishusha hadi milimita 280 na f/3.9, ingawa ukikifunga unarudi kwenye ulimwengu wa kupima umbali wa kamera ambao darubini hii ilikuwa imekuokoa nao. Kwa ubora wa taswira pekee ningeiweka sawa na ya kwanza. Imeshuka nafasi moja kwa sababu inadai stendi bora, na stendi bora huweza kugharimu kuliko darubini.

Nafasi ya tatu: Sky-Watcher Evostar 72ED pamoja na lenzi ya kusawazisha uga

Kwa mwenye bajeti finyu, na hasa kwa anayetaka pia kutazama kwa jicho, hili ndilo chaguo la maana. Ni darubini ya lenzi mbili, f/5.8, fokasi ya milimita 420, na kioo chenye mtawanyiko mdogo wa rangi. Peke yake, kona za picha zitaonyesha nyota zilizovutika kama zinazokimbia kutoka katikati, kwa hiyo bei ya lenzi ya kusawazisha uga lazima ijumlishwe tangu mwanzo. Wanunuzi wengi hulinganisha bei ya darubini tupu na bei ya darubini ya Petzval, kisha wakashangaa baadaye. Ukiongeza lenzi hiyo na pete zake, pengo hupungua sana.

Lenzi nyingi za kusawazisha hutaka kihisi kiwe milimita 55 nyuma yake. Namba hiyo ina asili: kamera za Canon EF zina milimita 44 kutoka mdomo wa kamera hadi kihisi, na pete ya kuunganishia huongeza 11. Kamera ya astronomia yenye milimita 17.5 itahitaji pete za ziada za milimita 37.5, na kichujio cha kioo kikiwekwa katikati umbali huongezwa kwa takriban theluthi moja ya unene wake. Nyota za kona zikielekea katikati kama vijiti vya gurudumu, kwa kawaida kihisi kiko karibu mno. Zikizunguka katikati kama duara, kiko mbali mno. Rekebisha kwa nusu milimita, piga tena, linganisha. William Optics ZenithStar 61, yenye f/5.9 na fokasi ya milimita 360, ipo katika kundi hilihili na lenzi yake maalumu ya kusawazisha inarekebishika kwa kuzungushwa, jambo linalopunguza ununuzi wa pete.

Nafasi ya nne: Sky-Watcher Esprit 80ED

Kwa kioo, huenda ndiyo bora kati ya zote nne: lenzi tatu, f/5, fokasi ya milimita 400, na lenzi ya kusawazisha huja sandukuni. Imewekwa nyuma kwa sababu ya uzito tu. Mwenye stendi kubwa aipandishe hadi nafasi ya pili. Takahashi FSQ-85 iko juu zaidi ya hapo kwa ubora na bei, lakini anayeihitaji hasomi mwongozo wa darubini ya kwanza.

Nje ya orodha

Lenzi ya kamera ya Samyang ya milimita 135, f/2, si darubini, ila ikipunguzwa hadi f/2.8 hukusanya mwanga kwa kila pikseli kwa kasi ya takriban mara tatu ya f/4.9, na kwa nebula pana ni mshindani wa kweli. Seestar S50 ya ZWO, darubini yenye kamera na mota ndani yake, ina kipenyo na fokasi zilezile za kundi hili, milimita 50 na 250, lakini kihisi chake ni kidogo kiasi kwamba Andromeda haitoshei katika picha moja. Darubini fupi za lenzi mbili za kioo cha kawaida, mfano zile za milimita 80 kwa f/5, zisinunuliwe kwa picha za rangi: nyota angavu huzungukwa na ukungu wa buluu na zambarau ambao programu huuficha kwa shida. Usidanganywe pia na jina la kioo. Maandishi ya FPL-53, aina ya kioo chenye mtawanyiko mdogo wa rangi, kwenye bomba hueleza lenzi moja tu, na matokeo hutegemea lenzi iliyooanishwa nayo na jinsi zilivyong'arishwa.

Darubini ikifika, ijaribiwe ndani ya muda ambao muuzaji bado anaipokea irudi. Piga picha za sekunde 30 au 60 kwenye eneo lenye nyota nyingi, kisha ukuze katikati na kona zote nne. Nyota za pembe tatu katikati ya picha ni dalili ya lenzi iliyobanwa mno ndani ya pete yake, tatizo linalozidi kwenye baridi. Kona zote zikiwa mbaya kwa kiasi kimoja, tafuta kosa la umbali. Kona moja ikiwa mbaya na ya mkabala wake safi, kuna kitu kimeinama: zungusha kamera robo duara bila kugusa kingine chochote na upige tena. Ubaya ukibaki kwenye kona ileile ya picha, kosa ni la kamera au pete zake. Ukihamia kona nyingine, ni la darubini, na hapo ndipo risiti inapohitajika.