Vitabu vya Kezilahabi nilivyoagiza kwa simu: kimoja kimekuja na kurasa pungufu

Natoa nyota tatu. Zingekuwa nne na nusu ila ngoja niwasimulie.

Mi niko Mwanza, kuna muuzaji wa vitabu vya zamani yuko Dar anauza kwa WhatsApp (jina namstahi), nikaagiza vitatu vya marehemu mwandishi Euphrase Kezilahabi, yaani Rosa Mistika, Kichomi na Nagona, elfu 38 pamoja na nauli ya basi. Kwenye kutuma hana neno, alfajiri kaweka kwenye basi, usiku huohuo nachukua mzigo stendi ya Nyegezi, na Nyegezi ndo hapohapo mzee Kezilahabi alisoma seminari kabla hajaenda Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar, nikaona kabisa vitabu vimerudi kwao, maana Namagondo alikozaliwa 1944 ni kupanda meli tu kwenda Ukerewe.

Rosa Mistika kizima kabisa, karatasi zimekuwa rangi ya chai ila hakuna iliyochanika. Hiki ndo kile cha riwaya cha 1971 kilichowahi kupigwa marufuku mashuleni, mama anasema wao walikuwa wanakiweka katikati ya kitabu cha jiografia. Pale Zakaria, baba yake Rosa, anapomchapa Rosa kwa sababu ya barua ya Charles, kuna mtu kaandika pembeni kwa penseli, mwandiko wa kike, "kama wa kwetu". Basi hapo nilifunga kitabu nikakaa kwanza.

Kichomi nacho safi, gamba tu limelegea. Kama hujui, haya mashairi ya 1974 yaliwachefua sana wazee wa vina na mizani, wakasema haya si mashairi, jamaa kaandika tu maneno kashusha mistari. Mi nasema waliyumba. Soma Kisu Mkononi usiku watu wamelala afu uniambie kama ulikumbuka kuhesabu mizani. Kwangu ndo bora kwenye huu mzigo, na ndo ilikuwa bei ndogo kuliko vyote, sijui kwa nini.

Sasa Nagona. Hiki ni riwaya ya 1990, ameshatoka Wisconsin, Marekani, kuchukua PhD yake, na sio tena yule wa kukusimulia baba mlevi na binti, humu ni duara, mnyama paa, ngoma kuu, hujui nani yuko hai nani kafa. Nikawa nasoma sielewi, nikajipa moyo kwamba ndo mzee huyu, wenyewe wanasema kigumu. Kuna mahali sentensi inakatika katikati na inayofuata inaanza kitu kingine kabisa, mi nikapigia mstari nikaandika "mbinu!". Siku mbili baadaye mdogo wangu wa form two kakichukua, hata hajasoma, ananiambia dada mbona hapa ni ukurasa wa 16 afu unakuja wa 33?

Nimecheka mpaka nikakaa chini. Kitita kizima cha katikati hakipo, ukifungua unaona kabisa uzi umening'inia.

Nikamwandikia muuzaji, akajibu haraka "pole sana dada yangu", hela hakurudisha ila kanitumia picha za kurasa zote 16 kutoka nakala yake mwenyewe, amezipiga huku ameshikilia kitabu, kwa hiyo karibu kila picha kuna kidole gumba kimekalia mstari wa mwisho. Nimezisoma hivyohivyo. Kitabu kingine ningelalamika, hiki bado nawaza labda kidole nacho kina maana.

Ushauri: muuzaji mwaminifu ila hakagui, mwambieni akuhesabieni kurasa kwa video kabla hamjalipa. Na kama ndo unaanza na Kezilahabi usianze na Nagona kwa sababu tu ni chembamba, anza na Rosa. Mzingile, riwaya nyingine ya Kezilahabi, muuzaji anasema anayo, nimemwambia aniwekee, video ya kurasa bado naisubiri.